Vyeti viwili, maji yaleyale: kisa cha nyumba ya kupanga mlimani Mwanza

Mwenyekiti wa mtaa alipoweka vile vyeti viwili mezani, mwenye nyumba na wapangaji wake walikuwa wameshaacha kusalimiana. Cheti cha mwenye nyumba kilisema maji yanafaa kwa kunywa: E. coli (bakteria wa kinyesi) hakuna, klorini ipo, tope kidogo sana. Cheti cha wapangaji, kutoka maabara hiyohiyo na wiki hiyohiyo, kilisema maji hayafai kunywewa bila kutibiwa, kwa kuwa bakteria wa kinyesi wameonekana. Mzee alidai wapangaji wamechafua chupa makusudi wapate sababu ya kuchelewesha kodi. Wapangaji wakadai mzee amepenyeza chochote maabara. Mimi niliitwa kwa kuwa kazi ya kupima maji nimeifanya muda mrefu, na pande zote mbili zilikubali nitazame.

Vyeti vyote viwili vilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye somo kwa yeyote anayeuliza kama maji ya bomba mjini ni salama. Swali hilo halijibiki mpaka useme: yakiwa wapi, na yakiwa yamekaa muda gani.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya familia saba, upande wa Igogo, kwenye mteremko wa mawe kama ilivyo milima mingi ya jiji hili. Maji ya mjini hutoka ziwani: kuna chanzo cha siku nyingi cha Capri Point, na mtambo mpya wa Butimba uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Huko hutiwa shabu ili uchafu ushikane na kuzama, huchujwa, kisha hutiwa klorini. Kwenye nyumba hii yanafika kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane. Yakifika yanapita kwenye mita iliyo getini, yanaingia tangi la zege lililochimbwa ardhini, la lita elfu tano hivi, kisha pampu inayapandisha kwenye simtanki la lita elfu moja juu ya mnara. Kutoka huko yanashuka hadi koki ya uani, ambako wapangaji wote wanachota.

Upande wa juu wa lile tangi la ardhini, hatua chache tu, lipo karo la choo. Anayeijua ardhi ya Mwanza ataelewa kwa nini nilisimama hapo kabla hata ya kufungua begi. Udongo wetu wa milimani ni mwembamba na chini yake ni mwamba. Karo halichimbiki kwenda chini, kwa hiyo hujengwa fupi na pana, na majimaji yanayopenya hayana pa kuzama. Yanatambaa juu ya mgongo wa mwamba kufuata mteremko.

Nani aliugua

Kuharisha kulianza mvua za vuli ziliposhika. Watoto ndio walioteseka zaidi, na mmoja alilazwa akiwa ameishiwa maji mwilini. Watu wazima kadhaa walinionyesha karatasi za zahanati zilizoandikwa "taifodi" baada ya kipimo cha Widal. Karatasi hizo niliziweka pembeni. Widal inatafuta kingamwili kwenye damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu ugonjwa wa zamani au zimesababishwa na bakteria wengine kabisa. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi taifodi ya leo, sembuse kuthibitisha kwamba imetoka kwenye maji. Inaniuma kuona watu wanavyomeza antibiotiki kwa karatasi hiyo peke yake.

Kilichonisaidia zaidi kilikuwa kuuliza nani hakuugua. Mama mmoja anayekaanga maandazi huamka saa tisa usiku, na maji yakiwa yametoka hujaza madumu yake kwenye koki iliyo palepale kwenye mita, kabla hayajaingia tangini. Watoto wake walikuwa wazima. Nyumba ya ng'ambo ya njia, inayolishwa na bomba lilelile la mtaa lakini haina tangi la ardhini, nayo haikuwa na mgonjwa. Huo si ushahidi wa mahakamani, ila ulitosha kunionyesha pa kuanzia: kitu fulani kinatokea kati ya mita na koki ya uani.

Wapangaji wenyewe walikuwa wanashuku ziwa. Wiki ile maji yalinuka udongo, na kila mtu alisema, "Mtaalamu, haya ni yale majani ya ziwani." Harufu hiyo kweli hutokana na vijimea vya ziwani, hasa vinapostawi na kufa kwa wingi. Lakini kemikali inayoileta, jeosmini, pua ya binadamu huinasa ikiwa nanogramu kumi tu kwa lita, na kwa kiasi hicho haina madhara. Maji yaliyokuwa yakiwaumiza hayakuwa na harufu ya ajabu hata kidogo. Mpangaji mwingine aliniambia kwamba maji yakifika yana "harufu ya dawa", kwa hiyo anaanza kuyanywa harufu ikishakwisha. Nilikaa naye muda mrefu. Ile dawa ndiyo mlinzi wa maji njiani, na siku harufu inapokwisha ndiyo siku maji yanapobaki bila ulinzi.

Kwanza, chupa

Tuhuma ya mzee kuhusu chupa haikuwa ya kupuuzwa, maana sampuli mbovu huzaa cheti kibovu. Chupa ya kupimia bakteria lazima iwe imetakaswa, na ndani yake huwekwa thiosulfati ya sodiamu kidogo. Watu wengi hawajui kazi ya unga huo. Ukichota maji yenye klorini kwenye chupa tupu, klorini inaendelea kuua bakteria njia nzima hadi maabara, na majibu yanatoka masafi kuliko maji yenyewe. Thiosulfati huizima klorini papo hapo, ili kinachohesabiwa kiwe kile kilichokuwa kwenye koki saa ile. Vilevile koki hufutwa, huchomwa moto ikiwa ya chuma, maji huachwa yatiririke, kisha chupa hujazwa bila kugusa mdomo wake, hufunikwa na kupelekwa kwenye barafu. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isizidi ishirini na nne.

Wapangaji walikuwa wamechukua chupa maabara na kuelekezwa vizuri. Sampuli ya mzee ilichotwa na mtu wa maabara mwenyewe, kwa utaratibu kamili. Ila ilichotwa kwenye mita, asubuhi ya siku ya mgao. Ya wapangaji ilichotwa uani, siku tatu baada ya mgao. Hapakuwa na aliyechakachua.

Kulifuata bomba

Niliamua kupima maji yaleyale sehemu tatu kwa mpigo: kwenye mita wakati wa mgao, kwenye tangi la ardhini, na kwenye koki ya uani. Klorini huipimi maabara, maana inapungua njiani. Unaipima hapohapo kwa kidonge cha DPD kwenye kijichupa cha maji, maji yakigeuka waridi unalinganisha na rangi za kwenye kifaa. Kwenye mita rangi ilikoza vizuri: miligramu 0.6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 0.2 pale maji yanapomfikia mtumiaji, na angalau 0.5 baada ya dakika thelathini za kuchanganyika, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikiwa chini ya 8. Kwenye tangi la ardhini kidonge kiliyeyuka na maji yakabaki meupe. Uani pia meupe.

Tope, kwa kipimo cha NTU, lilikuwa 1.3 kwenye mita na 1.9 tangini. Jicho halioni tofauti hiyo. Ukiinua glasi mbili juani usingejua ipi ni ipi, na mzee alifanya hivyo mbele yangu akaniuliza, "Sasa uchafu uko wapi?"

Pingamizi la kwanza lilikuja lenyewe: huenda klorini imekwisha kwa kukaa tu. Kweli huisha kwa kukaa, na joto huiharakisha. Kwa hiyo nilijaza ndoo safi maji ya mita, nikaifunika na kuiacha kivulini pale uani. Kesho yake ile ndoo ilikuwa bado na 0.4. Tangi la ardhini, lenye baridi na giza, lilikuwa limeimaliza yote kwa saa chache. Kukaa peke yake hakuelezi hilo. Kulikuwa na kitu ndani ya tangi kinachoila klorini.

Kipimo cha bei ndogo kilichofungua kesi

Kifaa kilichonipa jibu hakihusiani na bakteria kabisa. Ni kipima upitishaji wa umeme, kinachoingia mfuko wa shati. Maji yenye chumvichumvi hupitisha umeme zaidi, na maji ya Ziwa Victoria yana chumvichumvi chache mno, kama maikrosimensi 100 kwa sentimita au kuzidi kidogo. Baada ya kutibiwa yanapanda kidogo tu. Kwenye mita nilisoma 118. Kwenye tangi la ardhini nilisoma 207. Uani, 204.

Maji hayaongezi chumvi kwa kulala. Zege jipya lingeweza kuongeza, lakini tangi hili ni la zamani, na zege lingepandisha pH pia, wakati pH ilikuwa karibu ileile pande zote. Na kwa kuwa tangi la chini na koki ya uani vilisoma karibu sawa, simtanki la juu na mabomba yake havikuwa na hatia. Lililoingia liliingia tangi la chini.

Nikapeleka sampuli zipimwe nitreti na amonia, ambazo huachwa na majitaka ya choo. Nitreti kwenye mita ilikuwa chini ya miligramu 1 kwa lita, tangini 6, na amonia ilionekana tangini peke yake. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosoma cheti cha maji kwa kulinganisha kila namba na kikomo chake na kuishia hapo. Kikomo cha nitreti cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Kwa jedwali, 6 imefaulu vizuri, hata isingetajwa. Lakini maji hayohayo, umbali wa mita chache, yametoka chini ya 1 hadi 6 na kuokota amonia njiani. Namba iliyofaulu inaweza kuwa shahidi mkubwa kuliko iliyofeli, ukiiweka pembeni ya mwenzake kutoka mwanzo wa bomba. Amonia ndiyo pia iliyokuwa inaila klorini: vikikutana hushikana, na klorini huru yenye nguvu hutoweka.

Majibu ya E. coli yalikuja baadaye, kama yanavyochelewa siku zote, maana bakteria lazima waoteshwe. Mita: hakuna kwenye mililita 100, kama kiwango cha taifa cha TZS 789 kinavyotaka. Tangi la chini: makundi yamejaa sahani hadi hayahesabiki.

Tangi lilipokaushwa

Mzee bado alikuwa mgumu, na simlaumu. Tangi lile alilijenga kwa pesa ya kiinua mgongo. Nilimwomba kitu kimoja: tulitoe maji yote jioni, tulikaushe, tulifunge, tulifungue alfajiri. Vijana wa pale walilikausha kwa vitambaa mpaka sakafu ikawa kavu kabisa.

Alfajiri tuliteremsha tochi. Ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa na mstari wa unyevu uliopinda kutoka kiwango cha goti kwenda kona, na kwenye kona maji yalikuwa yakichuruzika taratibu, yametengeneza kidimbwi. Kuta nyingine tatu zilikuwa kavu. Mzee aliinama akagusa mstari ule kwa kidole, akakinusa, akanyamaza. Niliyakinga yale maji kwenye kikombe: upitishaji 1,100.

Ukiwa na namba tatu hizo unaweza kupiga hesabu bila mtaalamu. Maji ya bomba 118, maji ya ukutani 1,100, mchanganyiko 207. Ongezeko ni 89, tofauti ya vyanzo viwili ni 982, na 89 kwa 982 ni asilimia tisa. Kwenye dumu la lita ishirini, karibu lita mbili zilikuwa zimetoka upande wa karo. Niliwaambia wapangaji hivyo kwa lugha hiyohiyo, na sikupunguza makali. Watoto wao walikuwa wakinywa hayo.

Jambo moja lililonifurahisha kama fundi ni kwamba ufa ule ulieleza na ugomvi mwingine wa zamani. Kila kiangazi wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba bili ya maji ni kubwa kuliko wanavyotumia, na mzee akiwatuhumu kuuza maji kwa majirani. Mvua zikinyesha, maji ya ardhini yanapanda juu ya usawa wa ufa na kuingia tangini. Kiangazi ardhi inakauka, na maji ya tangi ndiyo yanayotoka kupitia ufa uleule, yakiwa yameshapita kwenye mita na kulipiwa. Ndiyo maana pia cheti cha mwaka uliopita, ambacho mzee alikihifadhi na kunionyesha kwa fahari, kilikuwa kisafi ingawa sampuli ilichotwa uani. Kilikuwa cha mwezi wa nane. Kupima tangi la ardhini kiangazi peke yake ni kulipima likiwa kwenye hali yake nzuri kuliko zote.

Kuhusu ziwa lenyewe

Wapangaji waliniuliza mara nyingi kuhusu ziwa, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi hata kama kisa hiki hakikutokana nalo. Ghuba ya Mwanza hupata vipindi vya vijimea vya kijani, na baadhi hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Kuchemsha hupasua vijimea na kuiachia zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa aina yake inayojulikana zaidi, kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote. Kinga iko mtamboni: vijimea vitolewe vikiwa vizima, kwa shabu na chujio, kabla ya kupigwa klorini nyingi. Kuna na jambo la pH. Vijimea vikistawi, pH ya ziwa hupanda, wakati mwingine hupita 8.5. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika umbo lake lenye nguvu ya kuua, kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukiambiwa klorini ni 0.5, uliza na pH. Kwenye mita yetu ilikuwa 7.4, na kwa hilo mtambo ulikuwa umefanya kazi yake.

Kuchemsha, kwa upande mwingine, kulitosha kabisa kwa tatizo la nyumba hii. Ziwa liko mita zaidi ya elfu moja mia moja juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini yakitokota sawasawa bakteria hawa hawabaki. Tatizo ni mkaa. Familia ya watu sita haichemshi maji yote inayokunywa, tuseme ukweli; watoto huchota kikombe kwenye ndoo iliyo karibu. Na kutia dawa ya klorini kwenye simtanki kusingesaidia wakati amonia inaingia chini kila saa.

Kilichofanyika

Tangi la ardhini lilikatwa kwenye mfumo siku ileile. Simtanki la juu lilisuguliwa, tope lililotuama likatolewa, kisha tukalijaza maji na kutia unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 77 kwa lita elfu, ili kupata miligramu 50 kwa lita. Likalala hivyo usiku kucha, tukamwaga, tukasuuza. Mgao uliofuata uani palisoma klorini 0.4, upitishaji 119, na E. coli haikuonekana.

Lakini lita elfu moja hazitoshi familia saba hadi mgao mwingine, na maji ya bomba hayana msukumo wa kutosha kupanda mnarani usiku wote. Hapo mazungumzo yalikuwa magumu, na mwenyekiti alifanya kazi kubwa kuliko yangu. Mwisho mzee alikubali kununua simtanki la lita elfu tano likae juu ya jukwaa kando ya mita, chini ya kivuli cha mabati kwa sababu ya jua, na wapangaji wakakubali kodi ya miezi mitatu mbele imsaidie. Kijana mmoja anayesoma kidato cha tatu amefundishwa kutumia kifaa cha DPD na anaandika namba kwenye daftari. Ikishuka chini ya 0.2, maji ya kunywa yanatiwa kidonge cha klorini cha kutibu maji (si kile cha DPD) ndani ya ndoo.

Mzee alitaka kulipiga plasta tangi la zamani litumike kwa kufulia. Nilikataa. Plasta kwenye ukuta unaosukumwa na maji kutoka nje hudumu mvua moja au mbili, na mtoto mwenye kiu hachagui koki. Limejazwa kifusi.

Karo limenyonywa na gari la majitaka, ila kuta zake hazijajengwa upya, na mteremko hauishii kwenye uzio wa mzee. Nyumba ya chini yake ina tangi la ardhini pia. Nilipopima huko nilisoma 131 dhidi ya 118 ya mita. Tangi lao ni jipya, na zege jipya linaweza kueleza tofauti hiyo yote. Hawana mgonjwa. Nimewaomba wanywe maji ya moja kwa moja kutoka kwenye mita kwa sasa, na sampuli ya nitreti na amonia itachukuliwa masika yakishika, ardhi ikiwa imeshiba maji.